Nilisema Ni Maua Tu

Siku niliyoondoka kwa mume wangu, kijijini Kamuli, nilibeba begi moja la nguo, cherehani ya mkono, na mche mmoja wa mshubiri niliokuwa nimeung'oa asubuhi ile kwenye kona ya nyumba. Mawifi zangu walisimama barazani kunitazama. Mmoja wao akasema, kwa sauti ya kuhakikisha nasikia, kwamba kumbe miaka kumi na mmoja ya ndoa inaenea kwenye begi moja. Mume wangu alikuwa ameshaleta mke mwingine, msichana ambaye tumbo lake lilianza kuonekana, na langu halikuwahi kuonekana. Nilipanda bodaboda, begi mbele ya dereva, cherehani mapajani, mche kwapani.

Mche ule alinipa mama siku ya harusi yangu. Nyumbani kwetu, Bweranyange, alikuwa na kichaka cha mishubiri nyuma ya jiko, ile ya kwetu yenye maua ya rangi ya chungwa lililoiva, si ile ya kwenye chupa za dukani. Tukiungua na uji alitupaka utomvu wake. Mdondo wa kuku ukiingia kijijini, alikatia majani yake kwenye maji ya kuku. Na ulipofika wakati wa kumwachisha ziwa mdogo wangu wa kiume, alijipaka utomvu huohuo kwenye matiti, na mtoto akalia siku tatu kama aliyeibiwa. Huyo mdogo wangu nitamtaja sana humu, kwa hiyo ni vizuri mjue kwamba yeye na mshubiri walianza kugombana mapema.

Niliporudi nyumbani mama alikuwa ameshafariki, na kichaka chake kilikuwa kimefyekwa kupisha banda la mbuzi. Mche niliokuwa nao kwapani ndio peke yake uliobaki katika ukoo mzima wa mishubiri ile. Hakuna aliyeuliza habari zake. Walikuwa na habari zangu za kujadili.

Baba hakunifokea. Alinipa lile jiko la mama nikalale, akanikatia mkungu wa ndizi, na kwa siku mbili hatukuzungumza lolote zaidi ya shikamoo na marahaba. Siku ya tatu aliniambia nimfuate. Tulipita katikati ya migomba na kahawa, tukapita makaburi ya babu na bibi na la mama, tukatokea ng'ambo ya kibanja, penye mteremko wa mawe unaoangalia bonde. Hapo ndipo aliponipa ardhi, kama kule kunaweza kuitwa kupewa.

Kwetu kuna kibanja na kuna msiri. Kibanja ni migomba, kahawa, miti ya kivuli na makaburi. Ni cha ukoo, na kinapita kwa wanaume. Msiri uko nje ya hapo, kwenye nyasi na mawe, ambako wanawake hulima maharage na karanga, wakavuna, wakaondoka zao. Na mtu aliyeazimwa ardhi hapandi kitu cha kudumu. Mgomba, mbuni, mti wowote: ukiupanda kwenye ardhi ya mwenzako umeshatangaza kwamba ni yako, hata kama hukufungua mdomo. Mtoto wa darasa la kwanza kwetu analijua hilo. Kuna watu hawasalimiani kanisani mpaka leo kwa sababu babu wa mmoja alichomeka mti mahali alipoazimwa kulima viazi.

"Utalima hapa mpaka nife, na hata nikifa," baba alisema. "Lakini mwanangu, maharage, karanga, viazi. Cha kudumu hapana. Wenzangu wataniuliza."

Nikaitikia. Akanyoosha fimbo yake juu kabisa ya kile kipande, kwenye kona ambako jiwe kubwa limechomoza na udongo umejikusanya kidogo nyuma yake.

"Na ukichoka, utalala pale. Karibu na lile jiwe."

Nilimwelewa mara moja. Mwanamke aliyerudi kwao ni shida mpaka siku ya kufa kwake. Huko kwa mume hana tena mahali. Kwa baba yake atatafutiwa pembe, ukingoni, watu wazima wakishakaa na kukuna vichwa. Na mimi sikuwa na mtoto wa kusimama aseme mama yangu alazwe hapa. Baba alilifikiria hilo kabla yangu. Alinikataza mgomba, akanipa kaburi. Ama kwa akili yake kaburi halikuwa kitu cha kudumu, ama lilikuwa, naye akakosa ujasiri wa kulitamka mbele ya wenzake. Alilitamka mbele yangu mimi tu na mawe. Nimemsamehe mengi baba yangu, lakini hilo la kukosa shahidi bado linanikera.

Mche niliupanda palepale, ubavuni mwa jiwe. Sikuwa na hila yoyote. Nilitaka tu niione dalili ya mama mahali nitakapolala.

Mwaka wa kwanza mvua za vuli zilichukua mbegu zangu za maharage zikazipeleka bondeni kwa watu wengine, ambao walivuna na hawakuniletea hata bakuli. Mwaka wa pili vilevile. Udongo wa pale ulikuwa mwembamba, na kila mvua iliondoka na sehemu yake. Lakini nikaona kitu: nyuma ya mshubiri wangu, upande wa juu, udongo ulikuwa umekusanyika, mwingi wa kujaa karai. Majani yake mapana yalikuwa yamelala chini, yakaukamata. Na pembeni mwake watoto wanne walikuwa wameshatoka.

Hapo ndipo nilipoanza kazi ambayo sikumwambia mtu kwamba ni kazi. Niliwatenga watoto wale nikawapanga kwa mstari, kukata mteremko. Walipozaa, nikapanga mstari wa pili chini yake. Kisha wa tatu.

Watu hudhani mmea usioogopa ukame hauhitaji mtu. Huo ni uvivu wa kufikiri. Mshubiri unahitaji mtu anayeweza kujizuia. Ukimtenga mtoto na mama yake usimpande siku hiyohiyo. Mwache kivulini siku nne au tano mpaka kidonda kikauke, la sivyo ataoza huku bado ni wa kijani, nawe bado unajisifu. Chini ya shimo tia changarawe. Samadi mbichi usithubutu. Ukishapanda usimwagilie wiki nzima, hata roho ikikuuma. Nyasi za kutandazia, ambazo mgomba unazipenda, mshubiri unaoza chini yake. Na palizi ni ya mkono, maana mizizi iko juujuu na jembe litaikata yote.

Kiangazi kikikaza, kile tunachokiita kyanda, majani yake hugeuka rangi yakawa mekundumekundu, yakajikunja kwa ndani. Mgeni akiona atakimbilia ndoo. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, alifanya hivyo. Hakuwa mtu mbaya, na nadhani alinihurumia kweli. Nilikuwa nimeenda Kayanga kununua nyuzi na vifungo, nikarudi nikakuta amemwagia mstari mzima maji aliyooshea vyombo, jioni mbili mfululizo. Ndani ya wiki tatu miche kumi na saba ilikuwa imelegea shinani. Ukiigusa inabaki mkononi, inanuka. Nilimfokea mpaka akalia. Akaniambia, "Wifi, mimi nilidhani vina kiu!" Nami nikamwambia kwamba kudhani kwake kungemuua hata mtu. Sikumwomba radhi siku ile. Nilimwomba miaka mingi baadaye, alikuwa ameshasahau.

Kuhusu maua yenyewe niseme kidogo, kwa sababu naona nimekazana na udongo kama bwana shamba. Mwezi wa sita na wa saba, wakati migomba ya kando ya barabara imevaa vumbi na kila mtu ana midomo iliyopasuka, mishubiri hutoa mabua. Bua moja, kisha mawili, marefu kufika kiunoni, na juu yake maua yanayoning'inia. Mteremko mzima ulikuwa wa rangi ile. Nyuki walikuja, wale ndege wadogo wenye midomo iliyopinda walikuja, na mimi nilikuwa nashusha cherehani yangu kule, nakaa kwenye jiwe nashona sare za shule. Nilikuwa na raha. Naliandika hilo kwa shida, lakini ni kweli: pale kwenye jiwe nilikuwa na raha kuliko nilivyowahi kuwa Kamuli.

Watu walipenda kusema maua yale ndiyo watoto wangu. Walidhani wananifariji. Mshubiri si mtoto, na mwanamke asiyezaa si mpumbavu kiasi cha kutojua tofauti.

Mwaka wa tano au wa sita, baba alishuka kuja kuona. Alikuja na mdogo wangu, ambaye kwa wakati huo alikuwa na nyumba yake ya bati upande wa juu wa kibanja na watoto watatu. Mistari yangu ilikuwa imeshafika kumi. Baba alisimama akaegemea fimbo, akaitazama kuanzia juu mpaka chini, na nikaona uso wake unabadilika. Alikuwa anahesabu mistari. Alikuwa anaona alichokiona.

"Haya ni nini?" akauliza. "Si nilisema usipande cha kudumu?"

Ningeweza kumwambia ukweli. Ningesema: baba, hiki ni cha kudumu, kitatuzika wote, na ndicho kinachoshika udongo wako usiende bondeni. Pengine angefikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri. Lakini niliogopa. Nilishafukuzwa nyumba moja, na jiko la mama lilikuwa nyumba yangu ya mwisho. Nikafanya kile ambacho wanawake wa kwetu tumefundishwa kufanya tangu tukiwa wadogo, yaani kuitia kazi yetu vumbi ili isionekane. Nikacheka kidogo, nikainama kung'oa jani la magugu ambalo halikuwapo.

"Ni maua tu, baba. Maua si kitu."

Baba alipumua. Nilisikia akipumua. "Ah, maua! Mama yako naye alikuwa na ugonjwa huohuo." Akacheka, na mdogo wangu akacheka. Mdogo wangu akasema dada yake ndiye mtu pekee Karagwe nzima anayelima maua kwenye njaa. Tulicheka wote watatu. Kisha wakapanda juu kwenda kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, nami nikabaki na maua yangu ambayo si kitu.

Miaka kumi na sita nililima pale. Udongo ulipanda nyuma ya kila mstari mpaka ule mteremko ukawa ngazi, na juu ya kila ngazi maharage yalisimama. Niliacha kununua maharage, kisha nikaanza kugawa. Mwaka ambao mvua zilichelewa hata kibanja kikasinyaa, watoto wa mdogo wangu walikula kutoka kwenye mawe yangu. Alinishukuru, sitaki kumsingizia. Alisema, "Dada, pale pana baraka." Baraka! Mgongo wangu aliuita baraka.

Baba alifariki wakati wa kiangazi, mishubiri ikiwa katika maua. Tulimzika kibanjani, kando ya mama. Baada ya matanga ukoo ulikaa kikao, kama ilivyo kawaida, kumtaja mrithi na kuipitia mipaka. Mrithi alikuwa mdogo wangu. Hilo halikuhitaji kikao. Kilichohitaji kikao ni kutembea. Kwetu watu huizunguka ardhi yote ya marehemu kwa miguu, wazee mbele, na kwenye kila kitu cha kudumu wanauliza kimepandwa na nani, ili kesho mtu asije akaamka na neno. Baba yetu mdogo ndiye aliyeongoza, mzee mwenye sauti ya chini. Mwenyekiti wa kitongoji alifuata na daftari lake. Nyuma yake tulikuwa mimi, mdogo wangu, mkewe, na majirani wa mpakani.

"Mibuni hii?"

"Marehemu."

"Huu mparachichi?"

"Marehemu aliupanda, mimi nikiwa darasa la nne," mdogo wangu akajibu.

Tukaenda hivyo mpaka tukashuka kwenye msiri wangu. Baba mdogo alisimama kwenye ngazi ya juu. Hakuwa ameshuka kule miaka mingi. Aliinama, akachukua udongo kwenye kiganja, akaufikicha.

"Hapa palikuwa mawe," alisema.

"Palikuwa mawe, waitu," nikajibu, nikiweka lile neno letu la heshima.

"Na hivi vimepandwa na nani?"

"Mimi. Miaka kumi na sita."

Akatazama mistari, moja baada ya nyingine. Akasema polepole, kama mtu anayejisemea, "Hiki mbona ni cha kudumu?" Mwenyekiti akainua kalamu. Nilimwona akiinua kalamu, na nitasema wazi kwamba kwa muda ule mdogo ardhi ile ilikuwa yangu. Nilitazama lile jiwe langu. Nikafikiria: sasa hata nikifa leo.

Mdogo wangu akajikohoza. Tangu asubuhi ile hakuwa amenipa shikamoo.

"Mwulizeni alimwambia nini baba kuhusu hivi vitu," alisema. "Nilikuwepo. Hapahapa."

Wote wakanigeukia. Ningeweza kukana. Angebaki yeye na neno lake, mimi na langu, na wazee wangekuna vichwa. Lakini kutoka pale kwenye ngazi ya juu unaliona kaburi la baba kati ya migomba, na udongo wake ulikuwa bado mbichi, na mashada ya plastiki bado yanang'aa. Sikuweza kusema uongo huku ananitazama. Tazameni ujinga wangu: nilimdanganya alipokuwa hai, nikaogopa kumdanganya alipokuwa amekufa.

"Nilisema ni maua tu," nikajibu. "Nikasema si kitu."

Watu walicheka. Si kwa ubaya, walicheka kama watu waliochoka kutembea na kupata cha kuwachekesha. Hata majirani wanawake walicheka, wao ambao kila mmoja ana kitu chake amekiita si kitu. Baba mdogo hakucheka. Alikung'uta udongo mkononi.

"Basi, binti yangu, maua utayachukua. Ardhi haitolewi kwa maua."

Nikasema baba aliniahidi kuzikwa pale penye jiwe. Akauliza shahidi ni nani. Mdogo wangu akanishika bega, na hapo ndipo alipoonyesha huruma yake.

"Dada, kwani nani atakuacha nje? Tutapata mahali."

Jioni ile alikuja jikoni kwangu. Alisema atapanda kahawa kule, kwamba jiko la mama ni langu bado, na kwamba maua niyaache tu palepale. "Yaache, dada. Yanapendeza."

Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi. Kama angesema niyaache kwa sababu yana kazi, ningeyaacha, naapa. Angekuwa ametambua. Lakini alisema yanapendeza.

Nilianza kung'oa asubuhi iliyofuata. Nilijua ninachokifanya, na sitaki kusingizia hasira, maana hasira haidumu siku nne, na mimi niling'oa kwa siku nne. Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, vuli inakaribia. Nilijua kila mstari umeshika udongo kiasi gani, kwa sababu niliupima kwa magoti yangu. Niling'oa kuanzia chini kwenda juu. Wifi yangu alikuja akasimama, akauliza kama anisaidie, nikamwambia hapana. Mche wa mwisho ulikuwa ule wa mama, ubavuni mwa jiwe. Mizizi yake ilikuwa imelikumbatia jiwe, nikalazimika kuikata kwa kisu. Nilipoutoa, udongo wa nyuma yake uliporomoka kidogo miguuni pangu. Kidogo tu. Nikauona, nikauacha.

Nilihamia Nyakakika, kwenye chumba cha kupanga karibu na soko, ambako bado nashona. Mishubiri nilibeba niliyoweza kwa safari tatu za bodaboda, mingine nikagawa kwa yeyote aliyetaka. Yangu niliipanda kwenye madumu yaliyokatwa nusu, nikayapanga ukutani. Mwenye nyumba, mama mmoja mkarimu, huniambia kila mara niiteremshe ardhini, nafasi ipo. Namwambia nitaiteremsha. Siiteremshi. Nimeshapanda kwenye ardhi ya watu vya kutosha.

Vuli ilikuja na nguvu. Mdogo wangu alikuwa amepanda miche yake ya kahawa, mizuri, aliyoitoa kwenye kitalu. Wifi alinipigia simu. "Wifi, kahawa zimeshuka bondeni." Nilimpa pole. Nilikata simu nikashona mashati mawili bila kusimama, na sikuweza kusema kama nilichokuwa nacho ni furaha. Kilikuwa kinafanana nayo.

Masika yalipopita, mdogo wangu alikuja Nyakakika mwenyewe. Alisimama mbele ya baraza ninaposhonea, kofia mkononi, mkungu wa ndizi nyuma ya bodaboda.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Alitazama madumu yangu, kwa muda mrefu. Akasema amekuja kuomba miche. Hata thelathini tu. Nikamuuliza ya nini. Akasema ya kushika udongo. Alilisema vizuri kabisa, kwa maneno yaleyale ambayo mimi nilishindwa kumwambia baba.

"Sawa," nikasema. "Waite baba mdogo na mwenyekiti na wale majirani. Simama palepale, useme mbele yao kwamba ni kitu cha kudumu na kina kazi. Nitakupa yote."

Alicheka kwa aibu. "Dada, watu wazima tuitane kikao kwa ajili ya maua?"

Nikakanyaga cherehani. Siku hizi nina ya miguu, ina kelele nzuri ya kumalizia mazungumzo. Alingoja kidogo, akateremsha ndizi, akaondoka. Ndizi nilizipika. Nilikuwa na njaa, na ndizi hazikuwa na kosa.

Nilikuwa na haki. Mpaka leo nasema nilikuwa na haki. Lakini mvua hazikungoja tumalize kubishana. Vuli nyingine ikapita, na masika mengine.

Mwaka huu nilirudi Bweranyange kwa misa ya kumkumbuka baba. Baada ya chakula niliazima jembe la wifi nikashuka peke yangu. Nilidhani niko peke yangu. Ngazi zote zilikuwa zimekwenda. Mteremko ulikuwa umevuliwa nguo, mawe yamekaa wazi kama siku ile baba aliponionyesha, hapana, zaidi ya siku ile. Jiwe langu, ambalo zamani lilinifika magotini na nilikuwa nalikalia nikishona, sasa lilinifika kifuani. Siwezi tena kulikalia.

Nilizunguka nyuma yake, mahali penyewe. Nilipiga jembe, likagonga mwamba. Nikasogea hatua moja nikapiga tena, likagonga. Mara ya tatu nilipiga kwa nguvu zangu zote, na mpini ukaniuma viganja. Udongo uliobaki pale haufiki vidole vinne. Hata wangenipa leo, na daftari la mwenyekiti na mihuri yake, hakuna atakayeweza kuchimba.

Nilipogeuka, mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui alikuwa pale tangu lini. Alilitazama jembe, akalitazama jiwe, na nikaona kwamba ameelewa nilikuwa natafuta nini. Akanipokea jembe mkononi.

"Dada," akasema, kwa upole kabisa, "tutapata mahali."